Kuku wa Nyumbani, Chanjo ya Mtaa Mzima

Hotuba kwa kikundi cha kina mama wafugaji, Matondoni, kisiwani Lamu

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Mzee wetu wa mtaa, walimu wa chuo cha Kurani, mama zangu, dada zangu, na nyinyi kina baba mlioketi kule karibu na mlango, ahsanteni kwa kuniita, na ahsanteni kwa kuacha shughuli zenu alasiri hii. Nimeombwa nizungumze juu ya familia kuanzisha ufugaji mdogo wa kuku, wa kujitegemea na wa kuinua mtaa. Nimesikia pia kwamba wako waliokwisha kuulizia bei ya vifaranga 500 wa nyama, na mkopo unazungumzwa. Hilo nitalifikia. Kwanza nataka tuwazungumze kuku mliowaacha uani mlipokuja huku.

Karibu kila nyumba hapa ina kuku wanne, watano, pengine kumi. Hao ndio mradi wenyewe. Mimi nimefuga kuku wa kienyeji kule Hindi, upande wa bara wa Lamu, kwa miaka mingi, na nimeingia nyumba nyingi za watu kuanzia Mokowe hadi Mpeketoni. Nikikuta nyumba haina kuku, nikauliza kwa nini, ni nadra kuambiwa kwamba pesa za kuanzia zilikosekana. Jibu huwa: tulikuwa nao, wakafa. Wamekufa wote kwa wiki moja, amebaki jogoo mmoja, na mama amekata tamaa.

Kinachoua namna hiyo, mara nyingi ni kideri. Wengine huuita mdondo, na kwenye duka la dawa za mifugo utausikia kwa jina la Newcastle. Kuku huanza kuzubaa, manyoya yamesimama, mabawa yameshuka. Anaharisha kijani. Anapumua kwa taabu, mdomo wazi. Asiyekufa siku za mwanzo unaweza kumkuta shingo imepinda, anazunguka mahali pamoja. Ugonjwa huu unaletwa na virusi na hauna tiba. Tafadhalini, shilingi isitumike tena kununua vidonge vya binadamu vya kuwapa kuku wa kideri. Antibayotiki haiui virusi, na mabaki yake huingia kwenye yai na nyama anayokula mtoto wako. Shubiri na pilipili kwenye maji ya kunywa nimeziona kila mahali, najua zinawekwa kwa mapenzi, lakini kideri hakizuiliwi na shubiri.

Kijiji ambacho kuku hawajachanjwa, kideri kikiingia kinaweza kuondoka na wanane au tisa katika kila kumi. Na hapa kwenu njia ni nyeupe. Nyumba zimeshikana, kuku wa huyu anachakura kwenye jaa la yule. Matenga ya kuku yanashuka kutoka mashua za Mokowe kila sherehe ikikaribia. Na kuna jambo ambalo sina budi kulisema hata likichoma. Kuku akianza kusinzia, watu humchinja haraka haraka, au humpeleka sokoni asije akawafia. Matumbo na manyoya yanatupwa ufuoni. Kunguru anachukua, paka anaburuta, na kesho ugonjwa uko kwa jirani. Kuku mgonjwa asiuzwe. Mizoga na matumbo yafukiwe kwenye shimo refu, au yachomwe moto.

Chanjo ipo. Inaitwa I-2, ilitayarishwa Australia makusudi kwa ajili ya kuku wa vijijini katika nchi za joto, na hapa Kenya inatengenezwa na KEVEVAPI, taasisi ya serikali ya chanjo za mifugo. Sifa yake ni kwamba haiharibiki upesi kwa joto kama chanjo nyingine za kideri, kwa hiyo inaweza kuvuka bahari kwenye kasha la baridi na kufika ikiwa nzima. Bado juani haiachwi. Ni tone moja kwenye jicho moja, na kifaranga na jogoo wanapata tone lile lile. Mwili wa kuku unahitaji kama wiki mbili kujenga kinga, kisha chanjo inarudiwa kila baada ya miezi minne.

Kinachotukwamisha ni chupa. Chupa moja mara nyingi ina dozi 100 au zaidi, na ikishachanganywa na maji yake itumike siku hiyo hiyo. Mama mwenye kuku saba anaitazama, anaona atamwaga dozi 93, anairudisha dukani. Simlaumu. Lakini kuku saba mara nyumba 14 ni kuku 98, na nyumba 14 ni kutoka hapa tulipo hadi pale kisimani. Chanjo hii ni ya mtaa, na mtaa usipokaa pamoja haitumiki. Hata mwenye uwezo wa kununua chupa nzima peke yake, vifaranga wake watakaoanguliwa mwezi ujao watakuwa hawajachanjwa, na ugonjwa uko kwa jirani unawasubiri. Ndiyo maana mtu akiniuliza ufugaji wa familia unasaidiaje maendeleo ya jamii, namwonyesha hiyo chupa.

Ninalopendekeza ni hili. Kikundi kiwe na daftari. Kila nyumba iandikishe idadi ya kuku wake na itoe mchango kidogo kwa kila kuku. Wachaguliwe kina mama wawili au watatu wakafundishwe na afisa wa mifugo wa kaunti, kisha wao ndio wapite nyumba kwa nyumba. Nasema kina mama nikiwa na sababu. Kuku wa hapa wanalala uani, ndani ya stara ya nyumba. Mwanamume mgeni hataingia huko alfajiri kukamata kuku, na hapaswi. Jirani mwanamke anapiga hodi mara moja, yuko ndani. Na huyo mchanjaji alipwe kitu kwa kila kuku. Msimfanyishe bure kwa jina la kujitolea, kwa sababu mara ya kwanza atapita, ya pili atapita kwa uchovu, ya tatu hatapita, na kinga itakuwa imekwisha.

Kazi yenyewe inataka utulivu. Kuku wanafungiwa usiku, wanachanjwa alfajiri kabla ya kufunguliwa. Mwenye kuku anamshika kwa mikono miwili, mabawa yamebanwa, kichwa kimelazwa ubavu ili jicho moja liangalie juu. Mchanjaji anaisimamisha chupa wima, anabinya, tone linaanguka katikati ya jicho bila ncha kuligusa. Halafu asubiri. Hapo ndipo wengi wana haraka. Kuku lazima apepese jicho, tone liingie, ndipo aachiliwe. Akitikisa kichwa tone likaruka, arudiwe. Aliyekwisha kuugua asichanjwe kwa matumaini kwamba atapona, maana chanjo haiponyi.

Kuhusu kuku wa kununua, wazee walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Hiyo kamba naomba iwe ya wiki mbili. Mfunge mbali na wenzake, chakula chake peke yake, maji yake peke yake, na mhudumie mwisho, baada ya wenyeji. Akiwa amebeba ugonjwa, mara nyingi utaonekana ndani ya siku hizo.

Sasa wale vifaranga 500. Ndugu zangu wapenzi, msichukue mkopo huo. Kuku wa nyama anataka chakula cha dukani kila siku kwa wiki sita. Chakula hicho kinatoka Mombasa kwa lori, kinashuka Mokowe, kinapanda mashua, kisha kinapanda punda, na kila mkono unachukua chake. Wakifika wiki ya sita lazima wauzwe wote, kwa sababu kila siku inayozidi wanakula faida yenu. Nani hapa atanunua kuku 500 kwa siku tatu? Hoteli nyingi za Shela hufunga au hupunguza kazi kusi, ule upepo wa kusini, likishika. Wako watu wanaofanikiwa kwa kuku wa nyama, nawaheshimu, lakini wao wako karibu na kiwanda cha chakula na karibu na mji mkubwa. Sisi tuna kisiwa, minazi, jaa lenye wadudu, na kalenda ya sherehe. Tufuge kwa kufuata hivyo.

Na kalenda hiyo ni mali. Kuku wa kienyeji anataka kama miezi mitano au sita tangu kuanguliwa hadi jogoo apendeze sokoni. Mayai yanataka siku 21 chini ya mama. Hesabuni nami. Mwezi wa Ramadhani ukiandama, weka mayai. Vifaranga watatoka kwenye kumi la mwisho. Mfungo Mosi, Idi ikishapita, wanachanjwa. Wanakua Mfungo Pili, Tatu, Nne na Tano, na Mfungo Sita wageni wa Maulidi wanapojaa Amu, mjini Lamu, nyinyi mna majogoo. Maulidi yakimalizika, Mfungo Saba unaingia, weka mayai mengine. Hao ndio wa Idi. Msihesabu kwa miezi ya kizungu, maana sherehe zetu husogea siku kama 11 kila mwaka, na anayefuata Januari na Februari atajikuta na vifaranga siku watu wanatafuta majogoo. Chanjo nayo ikae Mfungo Tano, Mfungo Tisa na Mfungo Mosi. Hapo miezi minne minne imetimia, kila kundi la vifaranga limepata zamu yake, na kuku wenu wana kinga kabla matenga ya Maulidi hayajaanza kushuka bandarini.

Ili vifaranga waje kwa wingi na kwa wakati mmoja, msiwaachie kuku waatamie kila mmoja kwa siku yake. Kuku wa kienyeji akitaga mayai 12 au 15 huatamia, kisha hulea miezi miwili mitatu, na muda wote huo hatagi. Fanya hivi. Wa kwanza akianza kuatamia, muachie mayai mawili matatu mabovu ya kumshikilia, mazuri uyaondoe. Wa pili akianza, vivyo hivyo. Wakifika watatu au wanne, jioni moja wape wote mayai mapya, 12 kila mmoja, yasizidi siku kumi tangu kutagwa, yaliyowekwa kivulini ncha ikiangalia chini. Usiku wa saba zima taa, shika yai, liwekee tochi ya simu nyuma. Lililo na uhai utaona mishipa myekundu imetanda kama mizizi, na lililo wazi litoe. Wakianguliwa, vifaranga wote wape mama wawili, uwaingize usiku ili wasiwakatae. Waliobaki bila watoto watarudi kutaga baada ya wiki chache. Kwa kuku wale wale ulionao, mayai yanaongezeka.

Mwezi wa kwanza wa kifaranga ndio unaopoteza wengi. Kunguru wa hapa hawana huruma, mwewe yuko, na paka wa Amu mnawajua wenyewe. Vifaranga watembee ndani ya tenga kubwa lililofunikwa, na nyinyi wa Matondoni hamuhitaji kufundishwa kusuka. Mama yao afungwe kamba karibu. Usiku wapate joto lake. Ukiwalea bila mama, tumia chupa ya maji ya moto iliyovishwa kitambaa, na jiko la makaa lisiingizwe kwenye chumba kilichofungwa, kwa maana hewa yake inaua kuku na inaua watu.

Chakula kiko hapa hapa mkikitafuta. Chukua chungu kikuukuu, kijaze samadi kavu ya punda na majani makavu, uinyunyizie maji kidogo, ukigeuze kifudifudi juu ya njia ya mchwa wakati wa magharibi. Alfajiri kiinue upesi, ukung'ute juu ya jamvi. Mchwa wanamwagika, na vifaranga wakishauzoea mchezo huo watakuwa wanakimbilia mlio wa chungu. Hiyo ni protini ya bure, na mwezi wa kwanza ndipo wanapoihitaji zaidi. Machicha ya nazi ni mazuri yakiwa mabichi ya leo. Ya jana yamechacha, yamwage. Muhogo ukatwe, uanikwe ukauke kabisa, hasa ule mchungu, kwa sababu una sumu. Vichwa vya samaki vichemshwe, vikaushwe, vipondwe, na visizidi, yai lisije likanuka samaki. Ng'onda na papa wa chumvi hapana. Chumvi nyingi inaua kuku. Mahindi yaliyoota ukungu pia hapana, wala msiseme hayo ni ya kuku tu. Sumu ya ukungu huo, aflatoksini, mwaka 2004 iliua watu 125 huko Ukambani, na kuku nayo inamdhoofisha, inamkatisha kutaga. Kwa ganda gumu la yai, kombe za pwani zichomwe, zipondwe, ziwekwe kwenye kifuu pembeni. Kuku anajua mwenyewe kiasi chake.

Maji ndiyo mtihani wa kisiwa. Kisima chenye munyu kikimshinda mtu kunywa, kifaranga kitamharisha. Maji ya mvua ya jabia, birika la kukingia mvua, wawekewe vifaranga kwanza, kuku wakubwa baadaye.

Kwa banda sitakaa sana. Makuti juu, kwa kuwa bati linachoma. Ukuta mzima uangalie upande wa kusi, wavu upande mwingine hewa ipite. Nafasi ya kuku watano isipungue mita moja ya mraba. Vichanja vya kulalia, mapakacha ya kutagia yenye majivu na majani makavu ya mwarobaini kwa ajili ya utitiri. Sakafu iwe kavu, hasa masika, kwani unyevu ndio unaoleta kuharisha damu kwa vifaranga. Jogoo mmoja anatosha matetea kumi. Mwenye kutaka damu mpya anaweza kuagiza kuku wa kienyeji walioboreshwa na KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo, kule Naivasha. Wanataga zaidi, lakini wanakula zaidi na si wa kutegemewa kuatamia. Na kuchi wenu, wale warefu wenye kifua, msiwamalize. Wachagulieni jogoo mzuri mmoja abaki kila mwaka, hata bei ikiwashawishi.

Nimalizie na la ndani ya nyumba, ambalo kina baba nawaomba mlisikilize kwa moyo safi. Kuku kwa desturi yetu ni wa mama. Wakiwa watano hakuna anayewauliza. Wakifika 40, na mnunuzi wa Shela akaja na pesa mkononi, hapo mwenye kuku anabadilika. Nimeona mradi mzuri ukifa kwa jambo hilo peke yake, bila kideri wala mwewe. Mama akiona pesa haimfikii, haamki tena alfajiri kukung'uta chungu cha mchwa. Kaeni chini mapema, kabla ya pesa, mkubaliane: mayai mangapi ni ya watoto, mangapi ya kuatamia, mangapi ya kuuza, na pesa inashikwa na nani. Watoto watangulie. Yai moja lina protini ya gramu kama 6, na mtoto wa chuoni anayekula yai mara tatu nne kwa wiki ana msaada mkubwa ndani ya sahani yake. Mama aliyejifungua naye asikose kuku wa supu ndani ya arobaini yake, wa nyumbani mwake, bila kwenda kukopa.

Halafu kuna kusi. Kati ya mwezi wa tano na wa nane bahari inachafuka, madau madogo yanakaa ufuoni, na nyumba nyingi hapa zinaishi kwa daftari la dukani. Miezi hiyo yai linauzwa kama kawaida, na jogoo mmoja analipa deni la unga. Sisemi kuku atachukua mahali pa bahari. Nasema nyumba yenye kuku 20 walio hai mwezi wa sita haiuzi nyavu zake.

Daftari liko hapa mezani. Kila nyumba iandikishe idadi ya kuku, pamoja na vifaranga, na jina la mama atakayekuwepo alfajiri kuwashika. Majina yakitosha kumaliza chupa mbili, viongozi wenu watakwenda Mokowe kwenye ofisi ya mifugo kuagiza chanjo na kuuliza siku ya mafunzo. Chanjo ikifika mtatangaziwa siku mbili kabla. Usiku wa kuamkia siku hiyo kuku wote wafungiwe, hata wale wanaolala mtini, na watoto wasiwafungulie mpaka mchanjaji apite. Tutaanza nyumba za upande wa pwani, tupande hadi msikitini. Mwenye swali aulize sasa, na kina mama mliokaa mbele, mpisheni bibi aliyekuja na kuku wake kwenye pakacha, nimtazame jicho kabla jua halijazama.